Kinyozi Aliyesimama Mahali Pangu

Nyumbani, 2 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Tunaanza na salamu, tunafika kwa Baba, unakata. Barua huwezi kuikata. Labda uichane, na hata ukiichana utakuwa umeshasoma mstari wa kwanza. Dereva wa lori la saruji anasema anafika hapo kwenye daraja lenu kila baada ya wiki mbili na bahasha haimlemei. Majibu yako mpe yeye. Atayaacha kwa kinyozi wa kona, maana ndipo anapoegesha na kunywa chai.

Hatujambo. Baba mzima. Mikono inamtetemeka asubuhi, ila ikishashika spana inatulia. Mimi niko na cherehani yangu, na sare za shule ndizo zinazonilisha.

Habari mpya ni kwamba tumeletewa warsha ya familia. Amekuja mama mmoja wa shirika dogo, tunamwita Mshauri. Tangazo lake alilibandika kwenye ukuta wa zahanati, na siku ya kwanza watu walijaa hadi mlangoni, wengine na mifuko mitupu. Mama Maji, jirani yangu anayeuza maji kwa ndoo, ndiye aliyeuliza kwa niaba ya wote: "Samahani, mnagawa nini?"

"Hatugawi kitu," Mshauri akajibu. "Tunazungumza."

Nusu ya watu wakakumbuka wameacha sufuria motoni.

Tuliobaki tunakutana katika chumba cha chekechea, nyuma ya zahanati. Viti ni vya watoto. Mtu mzima akikaa, magoti yanamfika kidevuni, na ni vigumu kujifanya mkubwa ukiwa umekunjika hivyo. Nadhani hiyo ndiyo nusu ya tiba.

Nusu nyingine ni hii. Mwenye jambo na nduguye anachagua watu miongoni mwa waliopo: wewe simama mahali pa mama yangu, wewe mahali pa mume wangu. Anawapanga chumbani, huyu karibu, yule mbali, mwingine amegeukia ukuta. Kisha anamwambia aliyesimama yale aliyoshindwa kumwambia mwenyewe. Mwisho Mshauri anamrudisha kila mmoja kwenye nafsi yake: "Wewe si mume wa huyu. Wewe ni fundi viatu." Hapo fundi viatu anajikung'uta nguo kama aliyetoka kupepeta nafaka, anakaa. Na kinachosemwa mle hakitoki mlangoni. Kanuni hiyo kila mmoja wetu ameitamka kwa mdomo wake.

Nilicheka, nakiri, mpaka Mama Maji aliposimama mbele ya mtu aliyeshika nafasi ya bintiye. Hapo niliacha kucheka, na zaidi ya hapo sikuambii.

Baba hataki kusikia. "Bomba likivuja chumbani, unakwenda kulifungulia barabarani?" Lakini koki ya chekechea inavuja kwelikweli, na Mshauri amemwomba aje aitazame Jumamosi. Amekubali kwa ajili ya koki.

Sasa nililotaka kusema. Daraja linakwisha Aprili, na kampuni inataka kukuchukua ng'ambo kwa miaka mitatu. Baba hana miaka mitatu ya kuchezea. Njoo muonane kabla hujasaini.

Dada yako


Darajani, 15 Februari

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata, ina alama ya gilasi ya chai ya dereva lakini inasomeka. Mimi mzima. Kazi yangu ni ile ile, kuchomelea vyuma juu ya maji, kamba kiunoni. Chini yetu kuna mamba, wanasema. Mimi sijamwona. Mpishi wetu anadai huwa wanakuja kuonja mchuzi wake na kurudi.

Nimefurahi kusikia kuhusu viti vya chekechea. Ningelipa kiingilio kumwona Baba amekaa juu ya kimoja.

Kuhusu kuja, nisikilize vizuri ili tusirudierudie. Mama alipozidiwa nilipanda gari la kwanza lililokuwepo, juu ya magunia, usiku na mchana. Nilifika ameshazikwa. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ulimwona. Hakunipa mkono. Alisema, "Mazishi yamekwisha. Rudi kazini." Nikarudi kazini. Mimi ni mtoto mtiifu.

Nitakuja akiniita. Aniite mwenyewe, kwa mdomo wake. Si kupitia kwako, wala kwa shangazi, wala kwa Mshauri wenu. Unajua tangu utoto wangu Baba hajawahi kusema nami moja kwa moja jambo lenye uzito? "Mwambie mdogo wako ameacha koleo kwenye mvua." Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, koleo mkononi! Wewe ndiye uliyekuwa bomba la nyumba ile. Kila kitu kilipita kwako.

Mkataba wa ng'ambo unasainiwa tarehe ishirini Aprili. Ana muda wa kutosha. Mtu mmoja, neno moja.

Msalimie Mama Maji.

Mdogo wako


Nyumbani, 1 Machi

Mdogo wangu,

Baba alisimama.

Alikuja kurekebisha koki, kama alivyoahidi. Akaimaliza kabla hatujaanza, lakini hakuondoka. Akabaki anapanga vifaa vyake sandukuni, akivitoa na kuvirudisha, huku fundi viatu akisema na kaka yake. Jumatano akaja tena kuhakikisha kama koki imeshika. Jumamosi ya pili hakuwa hata na sanduku. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, kile chekundu. Ungelipa kiingilio bure, maana hakuna aliyethubutu kucheka.

Mshauri alipouliza nani yuko tayari, akanyanyuka. Akawatazama wanaume wote mmoja mmoja kama anayechagua bomba dukani, akamshika mkono kinyozi wa kona. Hujamfahamu huyo, alifungua kibanda chake baada ya wewe kuondoka. Ni kijana wa umri wako, mcheshi, mkono wake mwepesi. Baba akamsimamisha karibu na mlango, akasema, "Huyu ni mwanangu."

Kisha akasema naye. Alichosema siwezi kukuandikia, kanuni unaijua. Nakwambia tu kwamba alisema, na si kwa kifupi. Alipomaliza alinigeukia mimi, akanitazama kama mtu aliyemaliza kufunga koki anangoja ufungue maji. Nilidhani anataka kujua kama amefanya vizuri. Nikamwitikia kwa kichwa. Akashusha pumzi.

Mshauri hakuwahi kumaliza. Muuguzi aliingia na sanduku la chanjo, nyuma yake akina mama na watoto wanalia kabla hata ya kuchomwa, ikabidi tutoke mbio na viti vyetu. Kinyozi alitoka bila kurudishwa kwenye nafsi yake. Tulicheka barabarani, tukamwita "mtoto wa fundi bomba" mpaka kona.

Lakini sasa Baba anakwenda kwa kinyozi kila Jumamosi. Baba, ambaye kichwa chake kina nywele za kuhesabika! Amemvutia maji mpaka ndani ya kibanda, na Jumapili kinyozi anakula kwetu. Nadhani lile neno limemfungua Baba kidogo. Ameanza hata kupiga mluzi akifanya kazi.

Vuta subira. Neno lipo. Litakufikia.

Dada yako


Darajani, 13 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa ili nisianguke.

Naomba nielewe. Baba ana jambo na mimi. Badala ya kunipigia simu, amemchukua mnyoaji wa watu, amemsimamisha mlangoni, amemwambia kila kitu, na mnyoaji akavutiwa maji na kupikiwa Jumapili. Nani alimpa kinyozi ruhusa ya kusamehewa kwa niaba yangu? Au kulaumiwa? Hata sijui ni lipi kati ya hayo, kwa kuwa dada yangu wa tumbo moja amekula kiapo kwa mama wa shirika.

Wenzangu nimewasimulia. Mpishi ameuliza kama kinyozi huyo anaweza pia kuja kupanda juu ya daraja na kamba kiunoni mahali pangu, mimi nipumzike. Walicheka. Mimi pia.

Mwanzoni niliudhiwa na mlango ule. Sasa naona afadhali mlango, ulifungwa mbele yangu mwenyewe. Hili la kufunguliwa mbele ya mtu mwingine sikulitegemea.

Amepata mwana asiyechelewa. Kibanda chake kipo konani. Sina neno.

Nitasaini tarehe ishirini.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Machi

Mdogo wangu,

Umeandika kwa hasira, nami nitajibu bila hasira, maana nyumba haiwezi kuwa na wenye hasira wawili.

Kiapo hicho sikukila kwa ajili ya mama wa shirika. Mtaa wetu unaujua. Kuta zetu ni za mabati, mtu akikohoa chumba cha tatu anaambiwa pole. Mama Maji ana mwaka mzima hajasema jambo lake popote kwa sababu lingefika bombani kabla yake. Mle chekechea amelisema, na mpaka leo hakuna aliyemnyooshea kidole. Nikikuandikia wewe la Baba kwa sababu ni la ndugu yangu, kesho fundi viatu atamsimulia mkewe la Mama Maji kwa sababu ni mkewe. Hapo tutakuwa tumejenga nini?

Lakini kuna jambo silielewi, nijibu wewe. Baba ameacha kupiga mluzi. Jumapili nilimwambia, kwa upole, "Baba, si umpigie mwenyewe kabla hajaondoka?" Akasema, "Nimeshamwita. Ana kazi. Tusimsumbue." Nikamuuliza amekuita lini. Akanitazama kama ninayemdhihaki, akaenda uani.

Je, mmezungumza nyuma ya mgongo wangu? Kama mmezungumza sitakasirika, nitafurahi, ila niambieni. Nimechoka kuwa bomba lisilojua linapitisha nini.

Mimi naondoka Jumatatu. Mshauri anaanza warsha katika mtaa mwingine, ule wa nyuma ya machimbo ya kokoto, na ameniomba nikamsaidie mpaka mwisho wa Aprili. Huko watu wanaongea lugha yetu lakini wanamwona yeye mgeni. Ameniambia safari hii nitashika mimi sehemu ya mwisho, ya kuwarudisha watu kwenye nafsi zao, kwa sababu tangu siku ya muuguzi imekuwa ikimsumbua moyoni.

Baba atabaki na kinyozi wa kumwangalia. Usinijibu hilo.

Dada yako


Kibandani, 5 Aprili

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Hunijui. Mimi ndiye wewe. Yaani, ndiye niliyesimama mahali pako. Nakuandikia mwenyewe kwa kuwa dada yako amesafiri na jambo hili haliwezi kungoja lori lijalo.

Aliyoyasema mzee mle ndani sisemi, kanuni ni kanuni. Lakini niliyomjibu mimi baadaye, nje, ni yangu, na nayo nakusimulia.

Jumamosi ya kwanza baada ya ile siku, mzee alikuja kibandani. Akakaa kwenye kiti. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hapa ninyoe nini, nikupanguse vumbi tu?" Akacheka. Kisha akasema taratibu, "Kijana anasemaje?"

Ndugu yangu, mimi sikuwa nimerudishwa. Walitutoa mbio. Nikadhani mzee anataka tuendelee kidogo na ule mchezo, na kwamba ndivyo tiba inavyofanya kazi. Nami baba yangu simjui hata kwa picha. Mtu akikuuliza "kijana anasemaje" kwa sauti ile, hutaki kumnyima. Nikasema, "Anasema amesikia, baba. Kazi imembana kidogo, atakuja." Mzee akaniwekea mkono begani. Wiki iliyofuata akaleta bomba na kunivutia maji.

Akaendelea kuuliza kila Jumamosi, nami nikaendelea kujibu. Nilikuwa naona naigiza vizuri. Nikamwongezea hata habari za daraja: kamba, mto, mamba. Hayo dada yako hutusimulia akichukua barua.

Jana alikuja na kitu amekifunga kwenye gunia. Akasema, "Mpe dereva ampelekee. Mwambie asaini tu. Kila nikimwita ana kazi. Sitamsumbua tena." Nikafungua gunia. Ni spana yake kubwa, yenye mshikio uliolika. Ndugu yangu, fundi hatoi spana yake mchezoni. Nikamuuliza, "Mzee, kwani hayo majibu yangu uliyachukua ya kweli?" Akasema, "Barua zake si zinafikia kwako? Na mimi si nilituma ujumbe mbele ya dada yake, naye akaitikia kwa kichwa?"

Nikakosa pa kuweka uso. Umeona ilivyokuwa? Yeye alisema mle ndani akijua dada yako atakufikishia, kama siku zote. Dada yako akanyamaza akijua hairuhusiwi. Mzee akangoja jibu lako. Nami nikampa jibu.

Nilimwambia pale pale kwamba ni mimi niliyekuwa nikijibu, si wewe. Hakunipiga. Alichukua kofia yake akaenda, na leo ni Jumapili, sikuthubutu kwenda kula.

Spana hiyo hapo, pamoja na barua hii. Nimekurudishia na nafasi yako. Mimi nilisimama tu, sikuomba kukaa.

Kinyozi wa kona


Nyumbani, 18 Aprili

Dada, shikamoo.

Umeona mahali barua ilipotoka. Ninaiandika kwenye meza yako ya kukatia nguo. Nimesogeza sare, sijakunja hata moja.

Nilirudi na lori lile lile, spana mapajani. Baba alikuwa uani anakata bomba. Akanitazama, akatazama gunia.

"Umeileta spana."

"Nimeirudisha."

"Nilikupa."

"Sikuiagiza, Baba."

Akaipokea, akaipimapima mkononi, akaiweka sandukuni mahali pake. Nilidhani yameisha hapo, nitakunywa maji na kulala. Lakini alinawa mikono, akamtuma Mama Maji akamwite kinyozi.

Kinyozi alikuja na mashine yake ya kunyolea mkononi, nadhani alisahau kuiweka chini. Ni mfupi kuliko nilivyomfikiria. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia njia nzima. Baba akamsimamisha karibu na mlango, ule wetu, akasema kwa sauti ya mtu anayemsomea mteja bei: "Wewe si mwanangu. Wewe ni kinyozi. Na ni muongo."

"Ndiyo, mzee."

"Jumapili njoo ule. Wiki iliyopita chakula kimebaki."

Kinyozi akajikung'uta shati, kama ulivyoniandikia kwamba ndivyo mnavyofanya. Lakini hakuondoka. Alikaa kwenye kizingiti, na Mama Maji naye akajifanya anatafuta mfuniko wa ndoo.

Kisha Baba akageukia mlango wa chumba chako. Kabisa, Dada, kwa mazoea, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Akaanza, "Mwambie mdogo wako..."

Hukuwepo. Akasimama pale mkono umenyooka nusu. Akamtazama Mama Maji, naye akainama kwenye ndoo. Akamtazama kinyozi, naye akatikisa kichwa: yeye ameshaacha kazi hiyo. Nikabaki mimi tu.

Kabla sijasahau, la mkataba. Nimemwambia msimamizi kwa simu kwamba nitakwenda kwa mwaka mmoja, si mitatu. Akitaka, sawa, asipotaka, atafute mchomeleaji mwingine. Amesema atanijibu. Baba amesema mwaka si mwingi, ila barua nimwandikie yeye mwenyewe, na niandike herufi kubwa. Leo asubuhi amenipeleka chekechea kunionyesha ile koki. Haivuji. Nimekaa kwenye kiti chekundu.

Alichosema pale uani sikuandikii. Ulikuwepo aliposema mara ya kwanza. Kinyozi, ambaye amekisikia mara zote mbili, anasema safari hii kilikuwa kifupi zaidi, na Baba alipomaliza hakumtazama mtu mwingine.

Mdogo wako